Nani Hulipia Programu Isiyouzwa? Mfano wa Hifadhidata ya PostgreSQL

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta. Majina ya wagonjwa waliofika zahanati, alama za mitihani, ankara za maji na salio la fedha katika simu, yote hayo huwekwa katika programu iitwayo hifadhidata. Baadhi ya hifadhidata huuzwa na makampuni kwa bei kubwa. Nyingine hutolewa bure, tena pamoja na maandishi yote ya programu yenyewe, ili kila apendaye aweze kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa kwa wengine. Programu za namna hii huitwa programu huria.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafunzi huliuliza mara kwa mara, nalo ni swali la haki. Ikiwa programu haiuzwi, wahandisi wanaoitengeneza wanakula nini? Na kosa likigunduliwa ndani yake, ni nani aliye na wajibu wa kulisahihisha? Katika makala haya tutajibu maswali hayo kwa kuchunguza hifadhidata moja mashuhuri, yaani PostgreSQL.

Kwa nini kazi hii ni ngumu

Kwanza hapana budi tufahamu ugumu wa kazi yenyewe. Tuseme mzazi anahamisha shilingi 50,000 kutoka akiba yake kwenda kwenye akaunti ya shule. Kompyuta hufanya mambo mawili: hupunguza fedha upande mmoja, kisha huongeza upande wa pili. Je, umeme ukikatika katikati ya mambo hayo mawili? Fedha zitakuwa zimetoka kwa mzazi bila kufika shuleni. Hifadhidata nzuri hairuhusu jambo hilo. Ama yote mawili hutendeka, ama hakuna hata moja. Tendo la namna hii huitwa muamala.

Njia inayotumika ni hii. Kabla ya kugusa majedwali yenyewe, programu huandika kila badiliko katika shajara, na huhakikisha kwamba shajara hiyo imekwisha kuandikwa katika diski. Umeme ukirudi, programu huisoma shajara tangu mahali pa salama pa mwisho. Muamala uliokamilika hutekelezwa upya. Ule ambao haukukamilika huhesabiwa kuwa haukutokea kamwe. Karani mwangalifu hufanya vivyo hivyo: huandika kwanza katika kitabu cha kila siku, ndipo ahamishie katika leja.

Sasa zidisha kazi hiyo kwa watu mamia wanaosoma na kuandika kwa wakati mmoja. Programu inayomudu hayo ina mistari zaidi ya milioni 1, na baadhi ya makosa yake hujitokeza mara chache sana, chini ya mazingira ya pekee. Kazi kama hii haiwezi kutegemea watu wa kupita njia. Inahitaji wataalamu walioizoea kwa miaka mingi, na wataalamu hao wanahitaji kuishi.

Kutoka chuo kikuu hadi jumuiya

Msingi wa nadharia uliwekwa mwaka 1970, pale E. F. Codd wa kampuni ya IBM alipopendekeza taarifa zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Katika miaka ya 1970 Michael Stonebraker na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza hifadhidata iitwayo Ingres kwa kufuata nadharia hiyo. Mwaka 1986 Stonebraker alianza mradi mwingine ulioitwa POSTGRES. Gharama zake zililipwa na idara za utafiti za jeshi la Marekani, Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo, na kampuni moja binafsi.

Mradi ulifanikiwa, na mafanikio hayo yakawa mzigo. Watumiaji waliongezeka, na kazi ya kuwasaidia ikaanza kula muda uliokusudiwa kwa utafiti. Kwa sababu hiyo chuo kiliufunga mradi baada ya toleo la 4.2. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa hapo, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiongezea programu lugha ya SQL. Mwaka 1996 watu wa nje ya chuo waliichukua kazi hiyo, miongoni mwao Marc Fournier wa Kanada, Bruce Momjian wa Marekani na Vadim Mikheev wa Urusi. Mwaka huohuo jina PostgreSQL likaanza kutumika. Tangu hapo haijamilikiwa na chuo wala kampuni yoyote.

Mifereji minne ya msaada

Wengi hudhani kwamba programu huria hutengenezwa na watu wa kujitolea pekee, usiku, baada ya kazi zao. Wapo wa namna hiyo, na mchango wao ni mkubwa. Hata hivyo, msaada huingia kwa mifereji minne.

Mfereji wa kwanza, ulio mkubwa kuliko yote, ni mishahara. Makampuni yanayoishi kwa kuwahudumia watumiaji wa PostgreSQL huajiri wahandisi na kuwaacha watumie muda wao katika kazi ya pamoja. Makampuni hayo hayafanyi hivyo kwa huruma. Mteja huwalipa kwa sababu wanalo fundi anayeijua programu kwa undani.

Mfereji wa pili ni michango ya fedha. Jumuiya yenyewe haina akaunti ya benki, kwa kuwa si chombo kilichosajiliwa. Kwa hiyo mashirika yasiyo ya faida hupokea fedha kwa niaba yake. Mojawapo ni Software in the Public Interest, lililosajiliwa New York mwaka 1997, ambalo hutunza fedha za miradi mingi ya programu huria. Barani Ulaya ipo jumuiya ya PostgreSQL Europe, iliyosajiliwa Ufaransa.

Mfereji wa tatu ni ufadhili wa kazi maalumu. Mfano mzuri ni faharasa ya BRIN. Faharasa ya kawaida huorodhesha kila mstari wa jedwali, na jedwali likiwa kubwa mno, faharasa nayo huwa kubwa mno. BRIN hufanya kama mtunza nyaraka anayeweka madaftari ya miaka mingi katika masanduku, kisha juu ya kila sanduku akaandika tarehe ya mwanzo na ya mwisho tu. Anayetafuta tarehe fulani huyaruka masanduku yote yasiyohusika. Katika BRIN sanduku moja, kama halikubadilishwa ukubwa, ni kurasa 128 za baiti 8,192 kila moja, yaani megabaiti 1 kamili. Kazi hiyo ilipata fedha za utafiti kutoka Umoja wa Ulaya kupitia mradi ulioitwa AXLE, na matunda yake yakatolewa kwa ulimwengu mzima katika toleo la 9.5 mwezi Januari 2016.

Mfereji wa nne si fedha bali ni vitu na kazi. Watu mbalimbali hutoa kompyuta zao ili kila badiliko jipya lijaribiwe katika mashine za aina nyingi. Vilevile iko desturi kwamba aletaye badiliko lake likaguliwe, naye hukagua badiliko la mwenzake lenye ugumu unaolingana. Huu ni msaragambo wa akili: unalimiwa shamba lako, nawe unalima la jirani.

Hatari ya mfadhili mmoja

Mifereji kuwa mingi si anasa. Mwaka 2000 kampuni iitwayo Great Bridge iliundwa katika jimbo la Virginia, Marekani, kwa ajili ya kufanya biashara ya huduma za PostgreSQL. Iliajiri baadhi ya wahandisi wakuu wa mradi. Mwaka 2001 ikafungwa. Lau programu ingekuwa mali ya kampuni hiyo, huenda ingezikwa pamoja nayo. Lakini maandishi yake yalikuwa mikononi mwa wote, wahandisi wakapata waajiri wengine, na kazi ikaendelea.

Jaribio la pili lilikuja mwaka 2020. Kampuni ya EDB iliinunua kampuni ya 2ndQuadrant, na wahandisi wengi wakajikuta chini ya mwajiri mmoja. Kamati kuu ya mradi ilikuwa na wajumbe 5, na ghafla 3 kati yao walikuwa waajiriwa wa EDB. Jumuiya ilikuwa na kanuni isiyoandikwa kwamba mwajiri mmoja asiwe na zaidi ya nusu ya kamati. Basi wakaongezwa wajumbe 2 kutoka kwingineko, kamati ikawa na watu 7, na 3 hawakuwa tena wengi. Mwanafunzi wa uraia atatambua kanuni hii mara moja: anayelipa sana asiruhusiwe kutawala peke yake.

Mikutano na faida yake

Huenda msomaji akauliza: watu wanaofanya kazi kwa barua za mtandao wana haja gani ya kukutana? Ukweli ni kwamba barua hufaa kwa kujadili badiliko moja. Hazifai sana kwa kupatanisha watu waliotofautiana, wala kwa kupanga kazi ya miaka mitatu. Mwezi Julai 2006 jumuiya iliadhimisha miaka 10 kwa mkutano mjini Toronto. Kuanzia mwaka 2007 watengenezaji walikuwa wakikutana Ottawa, na mkutano uliourithi ule wa Ottawa ulifanyika Vancouver mwaka 2024 na Montreal mwaka 2025. Ulaya nayo ina mikutano yake ya kila mwaka, inayohamahama kutoka mji hadi mji.

Gharama za ukumbi na chakula hulipwa kwa ada za washiriki na kwa makampuni yanayotaka jina lao lionekane. Ziada ikibaki, hutumika kwa shughuli nyingine za jumuiya. Hapa ndipo penye kasoro moja kubwa. Mikutano mikuu hufanyika mbali na Afrika, na nauli, viza na ada huweza kushinda mshahara wa miezi kadhaa wa mhandisi wa kwetu. Mlango u wazi, ila njia ya kuufikia ni ndefu.

Uwazi peke yake hautoshi

Kuna kisa kimoja kinachofundisha sana. Mwezi Julai 2000 kampuni ya Borland ilitoa hadharani maandishi ya hifadhidata yake iitwayo InterBase, na kutokana nayo ukazaliwa mradi huria wa Firebird. Kufikia Januari 2001 watu wa mradi huo walikuwa wamegundua ndani yake mlango wa siri: jina la mtumiaji na neno la siri vilivyoandikwa katika programu yenyewe, ambavyo vilimwezesha yeyote anayevijua kuingia katika hifadhidata yoyote ya InterBase. Mlango huo ulikuwa umekaa kwa zaidi ya miaka 5 pasipo wanunuzi kujua.

Funzo lina pande mbili. Kosa lililofichika kwa miaka liligunduliwa katika miezi michache baada ya maandishi kuwa wazi. Lakini liligunduliwa kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa chini wakayasoma. Macho hayo yana gharama. Ndiyo maana wapenzi wa Firebird waliunda taasisi yao, iliyosajiliwa Australia, ambayo hukusanya ada za wanachama na kuwalipa watengenezaji.

Jambo hili latuhusu

Mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ni programu huria, nao huhifadhi taarifa zake katika PostgreSQL. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania inautumia pia. Hesabu ya watoto waliochanjwa wilayani hulindwa na shajara ileile tuliyoieleza hapo juu. Tunakunywa maji ya kisima hiki kila siku. Wanavijiji wanajua kwamba maji yakiwa ya bure, pampu haijitengenezi yenyewe. Ndiyo maana huunda kamati ya maji.

Mchango wetu si lazima uwe dola. Shule yenye kompyuta moja yaweza kuiweka programu hii na kuwafunza wanafunzi kuihoji. Mwanafunzi wa chuo aweza kujaribu toleo jipya kabla halijatolewa rasmi na kutoa taarifa ya kosa iliyoandikwa vizuri. Na ofisi inayookoa fedha kwa kutolipia leseni ingetenda haki kutenga sehemu ya fedha hizo kwa mafunzo ya vijana wake, ili siku moja miongoni mwa wakaguzi wa programu hii wawemo wa kwetu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Eleza kwa nini shajara lazima iandikwe katika diski kabla ya majedwali kubadilishwa. Ingekuwaje kama mpangilio huo ungegeuzwa?

2. Jedwali lina megabaiti 4,000 na limepangwa kwa tarehe. Faharasa ya BRIN italigawa katika masanduku mangapi? Je, ingesaidia kitu kama mistari ingekuwa imechanganyika ovyo?

3. Linganisha kamati ya maji ya kijiji na kamati kuu ya PostgreSQL. Ni kanuni gani ya moja ingefaa kuigwa na nyingine?