Daktari Aliyetoka Shambani: Vijiji vya China Machoni pa Wageni, na Funzo Lake kwa Tegeta

Joshua Horn, daktari bingwa wa upasuaji kutoka Uingereza, alihamia China mwaka 1954 pamoja na familia yake, akaishi huko miaka kumi na mitano. Kwa muda mwingi alifanya kazi katika hospitali ya Beijing. Mwaka 1965 viongozi wa China walikiri kwamba huduma za afya zilikuwa zikiwanufaisha watu wa mijini, ilhali wakulima, waliokuwa zaidi ya asilimia 80 ya wananchi, walikuwa wakifa kwa maradhi yanayozuilika. Hospitali za mijini zikaagizwa kupeleka timu za madaktari vijijini, na Horn akawa miongoni mwa waliokwenda. Kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 1969, kiliwafanya wasomaji wa nchi nyingi wayaone maisha ya mkulima wa China kwa macho ya tabibu mgeni.

Mkazi wa Tegeta anaweza kuuliza kwamba hayo yanamhusu nini yeye anayeishi kando ya Barabara ya Bagamoyo. Yanamhusu, kwa sababu swali walilokuwa nalo wanakijiji wale ndilo linaloulizwa leo katika mitaa ya kwao: mtoto akipandwa na homa usiku, au jirani akishikwa na uchungu wa uzazi, ni nani aliye karibu anayejua la kufanya kabla ya kufika hospitali?

Maisha ya kijijini

Katika vijiji vya kaskazini mwa China, ambako majira ya baridi ni makali, familia ililala juu ya jukwaa la matofali liitwalo kang. Moshi wa jiko ulipitishwa chini ya jukwaa hilo kabla ya kutoka nje, hivyo moto uliopika chakula ndio uliowapasha joto waliolala. Mgeni aliyeingia nyumbani alipewa maji ya moto, mara nyingi bila hata jani la chai. Desturi hiyo ilitiwa nguvu na kampeni ya afya iliyoanza mwaka 1952, ambayo pia iliwahimiza wananchi kuua nzi, mbu na panya. Chupa ya kuhifadhia maji yaliyochemshwa ikawa sehemu ya vyombo vya kawaida vya nyumba. Kwa wilaya kama Kinondoni, ambako mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia, maana ya desturi hiyo haihitaji maelezo marefu.

Choo nacho kilikuwa mali. Kinyesi kilikusanywa na kutumika kuwa mbolea, na hapo ndipo shamba lililolisha familia lilipoweza pia kuiambukiza. Katika mabonde ya mpunga ya kusini, kichocho kilidhoofisha vijiji vizima. Wakulima walifundishwa kuvundika kinyesi kabla ya kukitumia, kufukia mifereji ya zamani na kuwasaka konokono waliobeba vimelea. Kazi hiyo haikufanywa na madaktari. Ilifanywa na wanakijiji wenyewe kwa majembe na mikono yao.

Daktari peku

Katika mazingira hayo alizuka mtu aliyewavutia wageni kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1968 magazeti ya China yalianza kumwita “daktari wa miguu mitupu”, kwa kuwa katika maeneo ya mpunga alilima pekupeku kama wenzake. Alikuwa mkulima aliyechaguliwa na kijiji chake, akapewa mafunzo ya miezi michache, kisha akarudi kwao. Alichanja watoto, alifunga vidonda, alitibu maradhi madogo kwa dawa za kisasa na za mitishamba, alichoma sindano za tiba ya jadi, alikagua visima na vyoo, na aliyemshinda alimpeleka mbele. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 idadi yao ilizidi milioni moja.

Daktari Victor Sidel na mkewe Ruth, mtaalamu wa ustawi wa jamii, walikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuizuru China kwa mambo ya afya mwaka 1971. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilipochapisha kitabu cha mifano ya nchi zilizowafikishia wananchi huduma kwa njia zao wenyewe, sura ya China iliandikwa nao, na Tanzania nayo ilikuwa na sura yake. Haikuwa ajabu nchi hizi mbili kukutana kitabuni. Rais Julius Nyerere alikuwa ameizuru China tangu Februari 1965, madaktari wa Kichina walikuwa wamefika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujifunza na kuchimba vyoo.

Kile ambacho mgeni hakukiona

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Yeye huonekana na kila mtu. Lakini je, huona kila kitu? Wageni wengi walipelekwa katika vijiji vilivyoandaliwa kuwapokea. Mwandishi mashuhuri wa Kimarekani, Edgar Snow, aliizuru China mwaka 1960, wakati njaa kubwa ilipokuwa ikiangamiza mamilioni ya wakulima, na taarifa zake hazikuionyesha njaa hiyo kwa ukubwa wake.

Hata kwa daktari peku, wengi waliiona miguu yake wasiione ardhi aliyosimama juu yake. Ardhi hiyo ilikuwa malipo. Katika shamba la pamoja kila siku ya kazi ilihesabiwa kwa alama, na mwisho wa mavuno alama ziligeuzwa nafaka na fedha. Siku aliyochanja watoto, daktari peku aliandikiwa alama kama siku aliyolima. Dawa nazo zilinunuliwa kwa mfuko wa matibabu ambao kila familia iliuchangia.

Mashamba ya pamoja yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hesabu ya alama ilikufa pamoja nayo. Mifuko ya matibabu, iliyokuwa katika takriban asilimia 90 ya vijiji mwishoni mwa miaka ya 1970, ilibaki katika asilimia 5 hivi katikati ya muongo uliofuata. Mwaka 1985 serikali ililifuta jina la daktari wa miguu mitupu. Baadhi walirudi shambani. Wengine waliendelea kutibu, lakini sasa waliishi kwa faida ya dawa walizouza, na anayekula kwa kuuza dawa hana sababu kubwa ya kumshauri jirani achemshe maji. Kinga ikadhoofika, sindano zisizo za lazima zikaongezeka. Mpango mpya wa bima ya vijijini ulianza mwaka 2003 tu.

Kutoka Rufiji hadi Tegeta

Uzoefu wa vijiji hivyo umekwisha kujaribiwa karibu na Dar es Salaam. China, iliyothibitishwa mwaka 2021 kuwa imeitokomeza malaria, ilikuwa na utaratibu wa kutoa taarifa ya kila mgonjwa ndani ya siku moja, kumchunguza ndani ya siku tatu na kuchukua hatua ndani ya siku saba. Kuanzia mwaka 2015 wataalamu wa China na wa Taasisi ya Afya Ifakara waliurekebisha utaratibu huo ili ufae Rufiji, wakawafunza wakazi wa huko kupima wenzao nyumbani palipoonekana wagonjwa wengi. Maambukizi yalipungua kwa kiasi kikubwa.

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Tegeta ya leo si kijiji. Watu wake wametoka kila mkoa, nyumba zimekaribiana, na duka la dawa li karibu kuliko zahanati. Kwa hiyo mhudumu wa mtaa anaanza kazi akiwa na mshindani yuleyule aliyemshinda daktari peku: dawa inayouzwa bila ushauri.

Funzo la China si kwamba mkulima anaweza kuwa daktari. Hilo lilithibitika zamani. Funzo ni kwamba mtu huyo hudumu pale tu jamii inapoihesabu siku yake ya kinga kuwa siku ya kazi. Wakazi wanapokutana na mwenyekiti wao wa mtaa, inafaa waulize mambo matatu: wahudumu wetu wawili ni akina nani, wanalipwa na nani, na posho hiyo imepangiwa fungu hadi lini? Swali la tatu ndilo ambalo vijiji vya China havikuliuliza mapema.