Firefox ikikuchezea usitukane tu: Hivi ndivyo unaripoti bagi hadi mtu anaskia

Kila msee ako na simu anajua hii stori. Uko kwa fomu ya maana, labda ya kuomba kazi, umejaza kila kitu, halafu ukigusa boksi ya mwisho kibodi inapanda na kuifunika yote. Huoni chenye unaandika. Unafunga, unafungua, data inaendelea kuisha, na bado ni yale yale. Hapo wengi wetu tunatukana simu, tunatukana walioiunda hiyo programu, halafu tunaingia TikTok kupoza moyo.

Noma ni kwamba matusi hayafiki popote. Yule msee wa kurekebisha hiyo kitu pengine ako Berlin ama Toronto, anatumia simu kali na intaneti ya moto, na kwake hiyo fomu inajaa freshi kabisa. Kwake hiyo shida haiko. Itaanza kuwa shida siku mtu ataiandika mahali anaweza kuisoma.

Hapo mahali ndio tunaenda leo. Panaitwa Bugzilla, kuingia ni bure, na hakuna mtu anakuuliza cheti.

Bugzilla ni nini?

Bagi ni kasoro kwenye programu: kitu kinafanya vile hakifai kufanya, ama kinakataa kufanya vile kinafaa. Hilo jina ni la kitambo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II kule Marekani walipata nondo, wale wadudu wa kuzunguka balbu usiku, amekwama ndani ya mashine. Walimbandika kwa daftari yao na kuandika kwamba wamepata mdudu wa ukweli. Ule utani ulikuwa hapo: mafundi walikuwa wanaita hitilafu "mdudu" hata kabla ya huyo nondo kujileta.

Sasa, programu kubwa kama Firefox inaripotiwa bagi kila siku, na zikibaki kwa vichwa vya watu zinapotea. Ndio maana mwaka wa 1998 msee anaitwa Terry Weissman aliunda Bugzilla, wakati Netscape ilikuwa imeachilia kodi yake na Mozilla ikaanza. Hadi leo Mozilla inaitumia kwa Firefox, na kuna miradi mingine imechukua hiyo mashine ikafungua Bugzilla yake. LibreOffice, ile ya kuandika barua na CV bure, ni mmoja wao.

Ichukulie kama OB ya kituo cha polisi. Unafika, unaeleza kilichotokea, unapewa namba, na kutoka hapo kesi inafuatwa kwa hiyo namba. Tofauti ni mbili: hii OB iko wazi, unasoma chenye kila mtu ameandika, na hakuna mtu anakuitisha kitu kidogo.

Kabla uripoti: hakikisha mwizi ni yeye

Usikimbie huko na hasira. Kwanza jua kama ni Firefox iko na shida, ama ni tovuti yenyewe, ama ni mtandao wako.

Apdeti Firefox, halafu ujaribu tena. Unaweza kupata ilisharekebishwa na wewe bado uko na toleo la mwaka jana. Kisha fungua ule ukurasa kwa brauza nyingine. Ikiwa inasumbua kote, hapo kosa ni la wenye tovuti, na Mozilla hawatakusaidia. Ikiwa inasumbua Firefox pekee, uko kwa njia.

Halafu zima vile viongezeo umeweka, kama vya kuzuia matangazo. Kwa kompyuta, Firefox iko na hali inaitwa Troubleshoot Mode, unaipata kwa menyu ya Help. Inawasha brauza bila viongezeo na bila mambo yako mengine. Shida ikiisha hapo, basi kiongezeo fulani ndio mkorofi, na mwenyewe ndio anafaa kuambiwa.

Kama swali lako ni "nabadilisha aje hii kitu?", usiende Bugzilla. Hiyo peleka support.mozilla.org, huko ndio kuna watu wa kusaidia. Bugzilla ni ya vitu vimeharibika.

Hatua ya 1: Fungua akaunti

Ingia bugzilla.mozilla.org. Kusoma hakuhitaji akaunti, lakini kuandika lazima ujisajili kwa imeli, ama uingie na akaunti yako ya GitHub.

Hapa chunga kitu moja. Imeli yako itaonekana na watu wengine wenye akaunti. Bugzilla wenyewe wanashauri utumie imeli ya pili, sio ile iko na mambo yako ya benki na kazi. Tengeneza moja ya hii shughuli, maisha yaendelee.

Hatua ya 2: Tafuta kama kuna mtu alikutangulia

Namba za kesi huko zilipita milioni moja kitambo. Chansi ni kubwa kwamba kuna msee mahali aliona chenye unaona. Ukianza kuripoti, Bugzilla inakuuliza kwanza ni bidhaa gani, Firefox ya kompyuta ama ya Android, halafu inakuitisha maneno machache ikuonyeshe kesi zinafanana na yako. Usiruke hiyo hatua.

Ukiipata, usifungue nyingine. Jiweke kwa orodha ya wanaoifuata ndio upate imeli kukiwa na mpya. Kama uko na kitu wengine hawajasema, mfano simu tofauti ama njia rahisi ya kuifanya itokee, ongeza. Kama unachotaka kusema ni "hata mimi" ama "mtarekebisha lini?", acha tu. Kila neno unaandika linaenda kwa imeli ya kila mtu anafuata hiyo kesi, na hakuna bagi imewahi kurekebishwa na "hata mimi".

Hatua ya 3: Andika ripoti

Hii ndio roho ya mambo. Anayesoma hakujui, hajaona simu yako, na hawezi kurekebisha kitu hajakiona kwa macho yake. Kazi ya ripoti yako ni moja pekee: kumfanya aone chenye uliona, kwa mashine yake.

Ukimwelekeza mgeni kwa keja yako huwezi mwambia "wewe kuja tu, utaona". Unamwambia ashukie stage gani, apite duka gani, ahesabu geti ya ngapi. Ripoti ni hivyo hivyo.

Anza na kichwa. "Firefox ni mbaya sana tafadhali saidieni" ni kichwa cha kulala njaa. Linganisha na hiki: "Kibodi inafunika boksi ya mwisho ya fomu, ukurasa haupandi juu." Mtu akisoma hiyo pekee anajua inaenda kwa meza ya nani.

Kisha fomu itakuuliza maswali matatu: ulifanya nini, ni nini kilitokea, na ni nini kilifaa kutokea. Kwa ile shida yetu ya kibodi, unajibu hivi:

Nilichofanya:
1. Nilifungua Firefox kwa simu ya Android 11 yenye RAM ya GB 2.
2. Niliingia kwa ukurasa huu (weka linki kamili).
3. Niliteremka hadi mwisho wa fomu.
4. Niligusa boksi ya mwisho.

Kilichotokea: Kibodi ilipanda ikafunika boksi. Ukurasa haukusonga, kwa hivyo sioni ninachoandika. Nimejaribu mara 10, imetokea zote 10.

Kilichofaa kutokea: Ukurasa upande juu ndio boksi ionekane, vile Chrome inafanya kwa simu hii hii.

Ni hayo tu. Hakuna hadithi ya vile ulikosa kazi, hakuna matusi, hakuna kukisia kosa liko wapi kwa kodi. Ongeza namba ya toleo la Firefox, unaipata kwa mipangilio. Kwa kompyuta, andika about:support pale juu unaandikanga anwani, utapata ukurasa mzima wa habari za mashine yako.

Vitu vingine vya kukumbuka:

Ripoti huwa kwa Kizungu. Usiogope. Wenye wanasoma wametoka kila kona ya dunia na wengi wao Kizungu si lugha ya mama. Sentensi fupi zinatosha.

Bagi moja, ripoti moja. Ukiwa na tatu, fungua tatu. Ukizichanganya, moja ikirekebishwa kesi itafungwa na zile mbili zitapotea.

Skrinshoti inasaidia, video fupi inasaidia zaidi. Lakini kumbuka ni OB ya wazi. Kata meseji za M-Pesa, namba za simu, kitambulisho na majina ya watu. Ukishatuma, usitegemee kuifuta.

Kama umepata mwanya wa usalama, kitu chenye mwizi anaweza kutumia kuibia watu, usiianike. Kwa fomu kuna kisanduku cha kuweka alama, na ripoti inafichwa isionekane na kila mtu. Mozilla imekuwa ikilipa watu wanaopata mianya mikubwa ya aina hiyo tangu 2004, kwa hivyo kunyamaza kidogo hapo kuna faida.

Hatua ya 4: Soma rada

Umetuma, umepata namba. Sasa utaanza kuona maneno makubwa makubwa. Maana yake ni hii:

UNCONFIRMED: Imefika, lakini hakuna mtu amethibitisha.
NEW: Wamekubali, hii ni bagi ya ukweli.
ASSIGNED: Kuna msee amepewa kazi ya kuirekebisha.
RESOLVED: Kesi imefungwa. Cheki neno linalofuata ndio ujue imefungwa aje.

Na maneno yanayofuata ni haya:

FIXED: Imerekebishwa. Itaanza kwa Nightly, ile Firefox ya majaribio, kabla ifike kwa yako. Toleo jipya hutoka karibu kila wiki 4, kwa hivyo tulia.
DUPLICATE: Kuna mtu aliripoti hii hii. Fuata namba wamekupa.
WORKSFORME: Wamejaribu na kwao haitokei.
INCOMPLETE: Ripoti yako haikuwa na habari za kutosha.
INVALID: Hii si bagi, ndio vile ilipangwa.
WONTFIX: Tumeskia, lakini hatutaibadilisha.

Ukipewa WORKSFORME usichukue kama umeitwa muongo. Inamaanisha ile ramani ulichora haikumfikisha. Kama bado unaiona, rudi na kitu kipya: modeli ya simu, ukubwa wa maandishi umeweka, aina ya kibodi. Mara nyingi siri iko kwa kitu kidogo chenye wewe unaona ni cha kawaida.

Pia unaweza kupata ombi linaitwa needinfo. Hiyo ni mtu anakuuliza swali wewe binafsi. Lijibu. Wengi huripoti wakaishia, swali likakaa, na kesi ikafungwa kama INCOMPLETE wakati bagi bado inawasumbua.

Na kuwa mpole na saa. Kuna bagi ya Firefox, ya yale maneno madogo yanatokea ukiweka mshale juu ya kitu, iliripotiwa 2002 ikarekebishwa 2023. Yako si lazima ichukue miaka 21, lakini wanaanza na zinaumiza watu wengi, na wao ndio wanapanga uzito, si wewe.

Sasa hii yote inakusaidia na nini?

Kwanza, simu. Watu wa kuunda programu hujaribu kwa simu wako nazo. Simu ya GB 2, data ya kuhesabu, mtandao wa kupotea ukiingia kwa lifti: hayo ni maisha yetu, na hawawezi kuyajua tusipoyaandika. Kila bagi tunanyamazia inarudi kwa apdeti ingine kama kawaida.

Pili, kazi. Ukiripoti vizuri kwa muda, unaweza kuomba ruhusa ya kuthibitisha bagi za wengine, kutoa kesi kwa UNCONFIRMED na kuipeleka NEW. Hiyo ndio kazi ya kupima programu, na kuna watu hulipwa mshahara kuifanya. Pia kuna bagi zimewekwa alama ya good first bug, maalum kwa mtu anataka kujaribu kurekebisha kodi mara ya kwanza. Yote unafanya hapo inabaki wazi na jina lako. Msee akikuuliza unajua nini na huna karatasi ya kumuonyesha, unamtumia linki.

Kwa hivyo siku ile kibodi itafunika fomu yako tena, pumua, piga skrinshoti, na uhesabu hatua zimekufikisha hapo. Ukiweza kuirudia mara mbili mbele ya beshte yako, uko na ripoti tayari.