Mialoni ya Dinas: Kwa Nini Usiiache Njia

Katikati ya Wales, mito Tywi na Doethie inapokutana, kimesimama kilima cha miamba kiitwacho Dinas. Mialoni imekifunika karibu chote. Njia ya miguu ya kilomita kama tatu inakizunguka: kwanza juu ya mbao zilizotandikwa kwenye ardhi chepechepe, kisha kandokando ya mto, kisha juu ya mawe. Mpenda ndege na aende mapema Mei, majani yangali machanga.

Anza kwa masikio. Juu matawini utasikia milio mikali inayozidi kasi mpaka ikawa mtetemo mmoja, kama sarafu inayozunguka mezani kabla ya kulala. Huyo ni Phylloscopus sibilatrix, ndege wa gramu kama kumi, koo la manjano na mgongo wa kijani. Majira ya baridi ya Ulaya, ndege wa aina yake hukaa katika misitu ya Afrika ya Ikweta, Kongo na Uganda zikiwemo.

Kinachomvuta hapa, pamoja na mialoni, ni kazi ya kondoo. Malisho ya miaka mingi yamezuia vichaka, chini ya miti pakabaki peupe. Kondoo wakizidi, miche ya mialoni haikui. Wakiondolewa kabisa, miiba hufunga msitu. Kipimo hicho ni kigumu, nami nawaheshimu sana wanaokitafuta.

Ndege huyu hula juu lakini hujenga chini, kiota cha nyasi chenye mlango ubavuni, kisichoonekana hata ukiwa hatua moja tu. Mguu mmoja nje ya njia, au mbwa asiyefungwa kamba, unatosha kuharibu uzazi wa mwaka mzima. Hata kusimama karibu mno kunamzuia mama kuwalisha makinda. Hakuna picha yenye thamani ya hasara hiyo.

Mtoni maji hufunika sauti, basi tumia macho. Mtafute ndege mnene wa kahawia iliyokolea, kifua cheupe, anayechezacheza juu ya jiwe kisha akazama na kutembea chini ya maji akisaka mabuu ya wadudu. Akikosekana penye mawe na maji ya kasi, tazama juu milimani kama pamepandwa misonobari. Utafiti uliofanywa kwenye vijito vya Llyn Brianne, jirani kabisa na hapa, ulionyesha kwamba mashamba hayo hunasa uchafuzi wa hewa na kuongeza asidi majini, na wadudu anaowategemea hupungua.