Leso kwenye Kamba na Nyota Yenye Mkia

Panda juu ya ghorofa yoyote Umoja au Kayole, jijini Nairobi, usimame karibu na kamba ya nguo. Funga jicho moja, kisha lingine. Leso iliyo mbele yako itaruka upande, na tangi la maji la jengo la ng'ambo halitacheza. Fungua yote mawili: leso inajitokeza mbele, tangi linabaki nyuma. Kwa njia hiyo hiyo Carolyn Shoemaker aligundua nyota zenye mkia 32.

Alizaliwa Marekani mwaka 1929. Hakusomea sayansi. Alifundisha kwa muda mfupi, akalea watoto watatu, na alipoingia kazi ya anga alikuwa na miaka 51. Mumewe Gene, mtaalamu wa miamba, alipiga picha za anga kwa darubini ya Palomar, California, naye Carolyn akazikagua. Sehemu moja ya anga ilipigwa picha mara mbili, kwa kupishana muda usiofika hata usiku mmoja, kisha picha hizo zikawekwa chini ya hadubini, kila jicho na yake. Nyota zilitulia kama tangi. Kilichosogea kilielea juu yake kama leso, na kikiwa na ukungu ukungu, huenda ni nyota yenye mkia: bonge la barafu na vumbi linalofuka gesi likikaribia jua. (Tusiichanganye na kimondo, ambacho huwaka na kuzimika kufumba na kufumbua.)

Machi 1993 mawingu yalitanda, na filamu iliyokuwapo ilikuwa imeingiwa na mwanga. Waliitumia hivyo hivyo. Humo Carolyn akaona kitu kilichorefuka kama kijiti. Mvuto wa Mshtarii ulikuwa umeivunja nyota hiyo vipande vipande, na Julai 1994 vikaigonga sayari hiyo kwa zamu, siku baada ya siku, vikiacha makovu meusi, mengine mapana kama Dunia yetu. Inaitwa Shoemaker-Levy 9. Kwangu, ile filamu mbovu ndiyo kiini cha habari yote.

Nasi tuna anga ya kutazama: Nairobi iko digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga lote hutupitia kwa mwaka. Tatizo la mitaa yetu ya Eastlands ni mwanga. Mama anayeshuka matatu saa nne usiku anahitaji ile mulika mwizi, mlingoti mrefu wa taa za mtaani, nami siombi izimwe. Naomba taa zake zifunikwe juu, zimulike chini.

Susan Murabana amekuwa akipeleka darubini mashuleni Kenya kupitia Travelling Telescope. Asiyefikiwa ana mlango mwingine: picha za chombo SOHO, kinacholitazama jua, ziko wazi kwenye intaneti. Humo zimepatikana nyota zenye mkia zaidi ya 5,000, nyingi na watu wa kujitolea. Fungua picha kadhaa zilizofuatana, utafute nukta hafifu inayosogea kwa mwendo ule ule, picha hadi picha, ikielekea jua.