Kibo Hakipandwi kwa Hasira

Mgeni anayerudi Kilimanjaro baada ya kushindwa namtambua hata kabla hajanieleza. Wenzake wanapiga picha pale lango la Marangu, yeye ananiuliza tutaondoka kambi ya Kibo saa ngapi. Safari nzima kwake imekuwa usiku ule mmoja uliomrudisha. Mara nyingi amejifua kwelikweli, kwa mbio, ngazi na vyuma, na anakuja na hasira ya kumaliza kazi. Mimi nilianza mlima huu kwa kubeba mizigo, leo naongoza wageni, na niseme wazi: niliowashusha kwa sababu ya miguu ni wachache sana.

Kinachowashusha ni hewa. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko kila pumzi inakupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, lakini kwa taratibu zake. Kwanza unahema haraka zaidi. Figo nazo huchukua siku kadhaa kurekebisha damu iendane na uhemaji huo, na chembe nyekundu huongezeka kwa majuma. Ndiyo maana madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike.

Sasa tazama safari ya siku tano ya Marangu. Unalala Mandara, mita 2,720. Kesho yake Horombo, 3,720. Keshokutwa Kibo, karibu 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kuelekea kileleni. Ni mita elfu moja kila siku. Kijana mwenye misuli na mzee mwenye mkongojo wote wanadaiwa deni hilo, na kijana ndiye mara nyingi anaumia kwa sababu anakwenda mbio.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Mwanza. Kichwa kilianza kumuuma tangu Kibo, akanificha. Tulipopita Pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, alitapika. Hilo peke yake lisingenishtua, wengi hutapika. Nilimwomba atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu akayumba kama mlevi.

“Mwalimu, tunashuka.”

“Kaka, bado kidogo tu. Naiona miamba ile.”

“Miamba haitahama. Tunashuka sasa.”

Kuyumba namna ile ni dalili kwamba ubongo huenda umeanza kuvimba. Oksijeni ya mtungi na dawa vinasaidia kununua muda, lakini tiba ya uhakika ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Tulipofika Horombo alikuwa anakunywa supu na kulia kwa uchungu.

Aliponipigia simu kwamba anarudi, aliniahidi safari hii atakaza mwendo. Nikamwambia aongeze siku badala ya mwendo. Tukachagua njia ya Lemosho, siku nane. Unavuka uwanda wa Shira polepole, unapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana pale, kisha unashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Panda juu, lala chini: mwili unaonjeshwa hewa nyepesi halafu unaachwa upumzike. Anayeipenda Marangu aongeze siku moja Horombo, atembee hadi miamba ya pundamilia, arudi kulala palepale.

Hata huyo Hans Meyer mwenye pango, Mjerumani aliyekitafuta kilele hiki, alirudi. Mwaka 1887 barafu ilimzuia. Mwaka 1888 alitekwa wakati wa vita vya Abushiri kabla hajaufikia mlima. Mwaka 1889 akaja na mpanda milima mwenzake, Ludwig Purtscheller, na safari hiyo aliweka kambi katika vimo mbalimbali, chakula kikipandishwa na wapagazi kutoka chini. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakaona kilele bado kiko mbele. Wakashuka, wakapumzika, na tarehe 6 wakafika. Kambi zile ziliwapa nafasi ya kujaribu tena bila kuanza upya. Wazee wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza, na mimi huwatajia wageni jina lake kabla ya la Meyer.

Na mwalimu? Tuliondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, wakati changarawe imeganda na inashika mguu. Chupa za maji tulizigeuza juu chini, kwa kuwa barafu huanza kuganda upande wa juu na mdomo ungeziba. Simu yake aliiweka kifuani, baridi isimalize chaji. Tulipofika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, jua lilikuwa linachomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi. Kabla sijasema lolote, akasimama, akapanga kisigino na vidole, akatembea hatua zake kumi bila kuyumba, kisha akanitazama. Tukaendelea hadi Uhuru. Sikumruhusu akae sana, maana kushuka ni sehemu ya kazi na watu huumia wakishalegea.

Siku ya ziada ina gharama: ada ya hifadhi, chakula, ujira wa wapagazi. Najua kwa Mtanzania wa kawaida hizo si fedha ndogo. Hata hivyo, ningekuwa na uwezo, safari ya siku tano isingeuzwa kwa mtu anayepanda mara ya kwanza, achilia mbali aliyekwisha kurudishwa. Na wewe unayejiandaa kurudi, mweleze mwongozaji wako kila kitu siku ya kwanza: kichwa kilianza kuuma wapi, ulikunywa maji kiasi gani, ulilala usingizi wa namna gani, ulimeza dawa ipi. Yeye ndiye atakayeamua saa tisa ya usiku, na ataamua kwa kile ulichomwambia.