Je, Wajua? Matundu Manne, Njia Moja

Je, wajua kuwa kile kikasha chenye matundu manne ya USB, ambacho wauzaji hukiita habu, hakiongezi kasi ya kompyuta yako hata chembe? Kinaongeza matundu tu. Njia ya kuingilia kwenye kompyuta inabaki moja, na kila utakachokichomeka kitapita humo humo. Nenda duka lolote la fotokopi hapa Palma utaona laptopu yenye matundu mawili imebebeshwa printa, skana, kipanya, modemu na fleshi ya mteja. Skana ikisuasua, skana ndiyo hutukanwa. Mara nyingi haina kosa lolote.

Je, wajua kuwa katika USB 2.0 kifaa hakiruhusiwi kusema mpaka kiulizwe? Kompyuta ndiyo yenye usukani. Inaikata kila sekunde vipande 8,000, kila kipande mikrosekunde 125, na ndani ya kila kipande inaamua nani aulizwe na nani asubiri. Kipanya cha kawaida huulizwa mara 125 kwa sekunde kama kimesogea, na karibu kila mara jibu ni hapana. USB 3.0, iliyotoka Novemba 2008, ndiyo iliyoruhusu kifaa kubisha hodi chenyewe kikiwa na jambo.

Je, wajua kuwa njia hii haigawanywi sawa kwa sawa? Hapa pana utamu wake, tukae kidogo.

USB inatambua safari za aina nne. Kuna mazungumzo ya utambulisho, yale ya kifaa kusema mimi ni nani na nataka nini. Kuna ya vipanya na kibodi: data kidogo sana, lakini ni lazima ziulizwe kwa wakati. Kuna ya sauti na picha za video, ambazo haziwezi kusubiri. Kipande cha sauti kikiharibika njiani hakirudiwi, kinaachwa kipotee, kwa sababu kikichelewa hakina faida tena. Halafu kuna mizigo mikubwa ya fleshi, diski, printa na skana. Hiyo haipotei hata tone, kwani ikiharibika hutumwa upya, ila haina ahadi yoyote ya muda. Inakula makombo.

Kipanya, kibodi, sauti na video huweka nafasi mapema. Ni kama yule abiria wa chapa ya kwenda Mocímboa da Praia anayetanguliza mfuko kwenye kiti kisha akaenda kunywa chai. Wa kusimama anaweza kujibanza pale kwa muda, lakini hakuna mwingine atakayeandikiwa kile kiti. Ndivyo ilivyo kwa kamera iliyoweka nafasi isiyoitumia yote: fleshi itadokoa kilichobaki, ila kamera ya pili itaambiwa gari limejaa.

Je, wajua kuwa kuweka nafasi kuna ukomo ulioandikwa kwenye kanuni? Katika USB ya zamani ya megabiti 12 kwa sekunde, wenye kuweka nafasi hawawezi kuchukua zaidi ya asilimia 90. Katika USB 2.0 ya megabiti 480 ni asilimia 80. Kinachobaki hulindwa kwa mazungumzo ya utambulisho, ili kifaa kipya kikichomekwa kisikute mlango umefungwa.

Sasa piga hesabu. Asilimia 80 ya 480 ni 384. Kamera moja inaweza kuomba hadi baiti 3,072 katika kila kipande kimoja kati ya vile 8,000, yaani karibu megabiti 197 kwa sekunde. Mbili zikiomba hivyo zinafika 393. Zimezidi kwa megabiti 9 tu, na hiyo inatosha kuifanya ya pili igome kabisa. Haiji kwa kusuasua, haiji. Anayetaka kurusha harusi au mawaidha kwa kamera mbili na habu moja atahangaika na nyaya mpaka magharibi, kumbe ni hesabu ya darasa la nne.

Dawa? Punguza ukubwa wa picha, au chagua picha iliyobanwa badala ya ghafi. Video ghafi ya nukta 640 kwa 480, picha 30 kwa sekunde, ni kama megabaiti 18 kila sekunde. Ikibanwa inashuka sana. Lakini ziko kamera zenye choyo, zinazoweka nafasi ya juu kabisa hata zikituma picha iliyobanwa. Kwa hizo dawa ni tundu jingine lenye kidhibiti chake, si habu nyingine.

Je, wajua kuwa kompyuta ya Linux ikikosa nafasi ya kuipa kamera, hutoa ujumbe unaosema kifaa kimejaa, hakina nafasi? Ni ujumbe ule ule wa diski iliyojaa. Ukiuamini utafuta picha zako zote na kamera isifunguke.

Habu rahisi ina hila nyingine. Ukichomeka humo vifaa vya kasi ya zamani (kadi ya sauti ya bei nafuu, kisoma misimbo cha dukani, spika ndogo) habu huvitafsiria lugha ili viweze kusafiri kwenye njia ya kasi. Habu nyingi zina mtafsiri mmoja tu kwa matundu yote, kwa hiyo vifaa hivyo vyote vinagawana megabiti 12, hata kama njia ya mbele ina 480. Habu nzuri ina mtafsiri kwa kila tundu. Kwa macho zinafanana, tofauti imo ndani.

Miksa ya chaneli nane, ya sauti nzuri ya studio, hula zaidi ya megabiti 9 kwenda upande mmoja. Ikiwa nyuma ya mtafsiri mmoja pamoja na spika ya USB, sauti itaanza kutatarika. Waandaaji muziki, someni tena aya hiyo.

Je, wajua kuwa njia moja ya USB inapokea vifaa visivyozidi 127? Anwani zake zina biti saba, na sifuri huachiwa kifaa kinachoingia kikiwa bado hakijapewa namba. Habu nazo huhesabiwa katika hivyo 127, na huwezi kuunganisha habu kwa habu zaidi ya tano mfululizo. Sijamwona aliyefika huko. Nafasi huisha kabla ya anwani kwisha.

Wanaonakili nyimbo na filamu kwenye fleshi za wateja: je, kunakili fleshi mbili kwa pamoja kunapunguza kasi ya kila moja? Inategemea. Njia ya USB 2.0, ukiondoa gharama za mazungumzo, hupitisha kwa kawaida megabaiti 35 hadi 40 kwa sekunde. Fleshi nyingi za bei nafuu haziwezi kuandika hata megabaiti 10. Kwa hiyo tatu za aina hiyo zinaingia pamoja bila kusukumana, na mteja wa tatu anaondoka mapema. Leta diski mbili za kasi, hapo ndipo kila moja itapata nusu.

Je, wajua kuwa simu inayochaji tu haili nafasi ya data? Ikishajitambulisha inanyonya umeme, basi. Lakini umeme nao unagawanywa. Tundu la USB 2.0 lina miliampea 500, na habu ya matundu manne isiyo na umeme wake inatoa 100 tu kwa kila tundu. Diski ya nje inayolia tik-tik na kuzima mara nyingi ina njaa ya umeme, na wala haihitaji njia pana zaidi.

USB yenyewe ilizinduliwa Januari 1996 na kampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Aliyeongoza kazi hiyo Intel ni Ajay Bhatt, mzaliwa wa India. Aliwahi kueleza kuwa plagi inayoingia pande zote mbili ingehitaji nyaya zaidi na kupandisha gharama, ndiyo maana tunaigeuzageuza fleshi gizani mpaka leo. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya Chicago, mbele ya Bill Gates, skana ilichomekwa kwa USB kwenye Windows 98 na skrini ikageuka buluu ya kifo. Kwa hiyo likikupata dukani, uko kwenye msafara mzuri.

Je, wajua kuwa uandikishaji wa wapiga kura nao huenda kwa mtindo huu? Msumbiji iliandikisha wapiga kura kati ya Machi na Aprili 2024, kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba, kwa vifaa vya kubebeka: kompyuta, kamera, kisoma alama za vidole na printa ya kadi. Kenya ilitumia seti 15,000 za namna hiyo mwaka 2012 na kuandikisha watu milioni 14.3 katika siku 30. Tanzania ilianzia Makambako, Februari 2015. Printa ya kadi hula makombo ya njia, nayo haina haraka. Foleni ya binadamu nje ni ndefu kuliko foleni yoyote ya data.

Gari nalo lina njia yake ya pamoja, CAN, iliyotangazwa na Bosch mwaka 1986. Humo hakuna mwenye usukani wa maswali. Vifaa viwili vikianza kusema pamoja, kila kimoja hutaja namba yake biti kwa biti, na sifuri huifunika moja. Aliyetuma moja akasikia sifuri ananyamaza papo hapo, mwenye namba ndogo anaendelea bila kupoteza hata sekunde. Breki hupewa namba ndogo, kioo cha dirisha kubwa. Mimi naona ni ugawaji wa haki kuliko USB. Sekta ya gesi ya chini ya bahari nayo ina kiwango cha pamoja cha vihisi, na moja ya ngazi zake imejengwa juu ya CAN. Jambo la kuwazia ukitazama bahari kutoka ghuba ya Tungue: huko nje, mtambo unaoelea wa Coral Sul unavuta gesi kutoka visima sita vilivyo kwenye kina cha kama mita 2,000, na ulipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022.

Mtandao mkubwa nao haujambo kwa kugombania. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na kutoka Msumbiji hadi Kenya watu wakasongamana kwenye njia zilizobaki. Starlink, intaneti ya satelaiti iliyoanza Msumbiji mwaka 2023, ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani Novemba 2024 kwa kuwa uwezo wa eneo hilo ulikuwa umejaa. Satelaiti zilikuwa juu tele. Waliofunga sahani eneo lile lile ndio waliozidi.

Je, wajua kuwa tundu la buluu, lile la USB 3.0, lina njia mbili ndani yake? USB ya zamani ina pini nne. Ile ya 3.0 ina tisa, na zile tano za nyongeza ni barabara tofauti yenye gigabiti 5. Diski ya USB 3.0 ikiwa kwenye tundu la buluu haigusi kabisa zile megabiti 480 za kamera na kipanya chako. Basi diski kwenye buluu, vilivyobaki kwenye habu ya zamani.

Ila mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo kuonyesha kuwa USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele za redio karibu na gigahezi 2.4, masafa yale yale ya kipanya kisicho na waya na Wi-Fi nyingi. Kipanya kikianza kurukaruka kila unaponakili filamu, usibadili betri kwanza. Hamisha kipokezi chake upande wa pili wa laptopu, au kitoe mbali kwa waya mfupi wa USB.