Mhandisi wa Mtandao katika Miinuko ya Kasulu na Kibondo

Mwanafunzi aliye Kibondo anapomtumia mdogo wake fedha za nauli huko Kasulu kwa njia ya simu, hungoja sekunde chache tu, kisha ujumbe wa kuthibitisha huingia. Ni nadra kufikiri kwamba ujumbe ule, ijapokuwa unakwenda wilaya ya jirani, kwa kawaida umesafiri kwanza hadi kwenye mitambo ya Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000, na kurudi. Siku ujumbe usipoingia, watu wote husema neno moja: "Mtandao umekata." Neno hilo ni la kweli, ila halielezi kitu, kama vile mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa bila kusema wapi. Kazi ya mhandisi wa mtandao huanzia hapo.

Makala haya yanakusudia kueleza mhandisi huyo hufanya nini katika siku yake ya kazi, hasa katika nchi ya vilima kama ile ya Kigoma, na kijana wa sekondari apite njia gani ili awe mmoja wao. Wengi hudhani kwamba msingi wa kazi hii ni kuijua kompyuta. Kompyuta ni chombo chake, kama cherehani ilivyo kwa fundi nguo. Msingi wenyewe ni Fizikia na Hisabati zile zile zifundishwazo madarasani mwetu, pamoja na tabia ya kupima na kuandika.

Barua na barabara zake

Habari yoyote ipitayo mtandaoni, iwe sauti, picha au maandishi, hukatwa kwanza vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya atumaye na anwani ya atumiwaye, mfano wa bahasha. Mashine iitwayo ruta huisoma anwani hiyo na kuamua pakiti ipite njia ipi. Lakini hata karani hodari wa posta hawezi kupeleka barua pasipo barabara, na katika nchi yetu barabara za pakiti ni za namna tatu.

Ya kwanza ni satelaiti. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kabla mkongo wowote haujafika Kigoma, Chuo cha Ualimu Kasulu kilipata intaneti kwa njia hiyo. Satelaiti za namna ile hukaa juu ya Ikweta kwa kimo cha karibu kilometa 36,000. Swali likipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka, safari yote ni kilometa 144,000 hivi. Mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo jibu haliwezi kufika kabla ya karibu nusu sekunde kupita, hata mitambo iwe bora namna gani.

Ya pili ni mkongo, yaani waya wenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza, ambao baadaye ulifika hata mkoa wa Kigoma. Mwanga ndani ya kioo huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Safari ya kwenda na kurudi ya kilometa 2,000 humalizika katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Zile sekunde chache anazongoja mwanafunzi wetu hutumika zaidi katika mitambo inayokagua namba za siri na hesabu za fedha.

Ya tatu ni mawimbi ya redio yarushwayo kutoka mnara hadi mnara. Vijiji vingi havikufikiwa na mkongo, na minara iliyoko vilimani ndiyo inayovihudumia. Mingine imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006.

Asubuhi ya kazi

Mhandisi wa mtandao huanza siku kwa kusoma kabla ya kutenda. Mbele yake kuna orodha ya minara na ruta za eneo lake, na kila mtambo umeandika wenyewe usiku kucha: umeme ulikuwa kiasi gani, joto kiasi gani, pakiti ngapi zilipotea. Akiona hitilafu, hairukii iliyo ngumu. Hupanda ngazi moja baada ya nyingine: Je, umeme upo? Waya mzima? Mawimbi yanafika? Anwani ni sahihi? Njia imeelekezwa vema? Atakayeruka ngazi atarudi chini baadaye, na wakati huo jua limekwisha kupanda.

Ngazi ya umeme ina historia yake. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa katika miaka ya mwanzo ya 2020. Hata sasa mnara hauachwi bila betri. Tuseme mnara una betri za volti 48, zenye uwezo wa ampea-saa 200. Zidisha: ni wati-saa 9,600. Mitambo ikitumia wati 1,200, kwa hesabu tupu betri zitadumu saa 8. Lakini betri za risasi zikikamuliwa hadi mwisho mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo mhandisi huhesabu saa 4 tu. Hesabu hii ya kidato cha tatu ndiyo inayomwambia kama aondoke usiku huu au angoje kupambazuke.

Ngazi ya waya nayo ina hesabu yake. Adui mkubwa wa mkongo uliofukiwa ni jembe na tingatinga. Ukikatika, mhandisi hachimbi barabara nzima kuutafuta. Hutumia kifaa kinachorusha mpigo mfupi wa mwanga ndani ya kioo na kusikiliza mwangwi wake kutoka mahali palipokatika. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.0004, mwanga umekwenda na kurudi kilometa 80. Kwa hiyo mkato uko kilometa 40 kutoka hapo alipo. Kila mtoto aliyewahi kupiga kelele akiukabili mlima na kusikia sauti yake ikirudi amekwisha kuijua kanuni hii.

Miti iliyokata mawasiliano

Sasa tuchukue mfano mmoja kwa urefu. Ni mfano wa kutungwa, lakini wahandisi wa nchi za vilima watautambua.

Mnara wa kijiji fulani hupokea mawimbi ya gigahezi 7 kutoka mnara mkuu ulio umbali wa kilometa 20. Kwa miaka 6 hapakuwa na tatizo. Kisha makosa yakaanza. Mchana wa jua mawasiliano ni mazuri. Asubuhi baada ya mvua, au upepo ukivuma, hukatika. Kituo cha afya kinashindwa kutuma taarifa zake, na mwenye kibanda cha kutoa fedha anafunga mlango huku wateja wamesimama nje. Fundi kijana anadhani redio imechakaa, anaibadilisha. Redio mpya ni ya fedha nyingi, na tatizo linabaki pale pale.

Mhandisi anapofika hagusi mtambo. Anaomba kumbukumbu za nguvu ya mawimbi za miaka yote. Anaona kwamba nguvu hiyo haikuanguka siku moja. Imeshuka kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Mtambo ukiharibika, mara nyingi huonekana katika siku moja au juma moja. Kinachopunguza nguvu mwezi baada ya mwezi, na kuzidi majani yakilowa, kinafanana na kitu kinachokua.

Anaifuata njia ya mawimbi kwa miguu. Katikati, juu ya mgongo wa kilima, anakuta shamba la mikaratusi. Fundi anabisha: usiku taa nyekundu ya mnara wa pili huonekana kupitia matawi, kwa hiyo njia ni wazi. Hapa ndipo Fizikia inapolipia ada yake. Mawimbi ya redio hayapiti katika mstari mwembamba kama uzi. Yanahitaji nafasi kuuzunguka mstari huo, yenye umbo la tango refu, nyembamba kwenye minara na nene katikati. Nafasi hiyo huitwa ukanda wa Fresnel, kwa jina la mwanafizikia wa Ufaransa Augustin Fresnel (1788–1827), aliyechunguza tabia ya mawimbi ya mwanga. Nusu-kipenyo cha ukanda wa kwanza katikati ya njia, kwa mita, hupatikana hivi: gawa umbali kwa kilometa kwa masafa kwa gigahezi, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 8.66.

Kwa njia yetu, 20 gawa kwa 7 ni 2.86, kipeuo chake ni 1.69, mara 8.66 ni mita 14.6. Desturi ya wahandisi ni kuhakikisha kwamba walau asilimia 60 ya kipimo hicho iko wazi, yaani karibu mita 9 chini ya mstari wa macho. Vilele vya mikaratusi vimekwisha kuufikia mstari wenyewe. Mwanga wa taa, ambao mawimbi yake ni mafupi mno, hupenya tundu dogo kati ya matawi. Mawimbi ya redio hayatoshei. Na maji yaliyoko majanini huyafyonza.

Je, antena ziinuliwe? Kwa kuwa miti iko katikati, antena moja ikiinuliwa mita 18, mstari pale katikati utapanda mita 9 tu. Mwanafunzi aliyesoma pembetatu zinazofanana ataona sababu. Tena mkaratusi katika nchi yenye mvua huweza kurefuka mita 2 na zaidi kwa mwaka. Baada ya miaka michache ugomvi utarudi. Inabaki kukata ukanda wa miti.

Lakini miti ina wenyewe, nao walikuwa na haki ya kuipanda. Kwa hiyo mhandisi anakwenda kukaa na mwenye shamba na serikali ya kijiji, anachora tango lake mchangani, na wanapatana juu ya fidia na mazao mafupi yatakayopandwa mahali pale, kama maharage. Saa hizo mbili za maongezi ni sehemu ya uhandisi. Kijana wa Kasulu au Kibondo aliyekulia vilimani humo na anayeweza kumwamkia mzee kwa Kiha ameanza na mtaji ambao mgeni atauhangaikia kwa miaka.

Njia ya kuifikia kazi hii

Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza hupitia kidato cha sita, kwa Fizikia na Hisabati pamoja na Kemia au somo jingine linalokubaliwa, kisha shahada ya uhandisi wa mawasiliano au wa kompyuta. Shahada hiyo huchukua miaka 4, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ya pili huanzia kidato cha nne: stashahada ya miaka 3 katika chuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kisha kazi ya ufundi, na baadaye shahada kwa atakaye. Njia hii ya pili isidharauliwe. Aliyeshika bisibisi kabla ya kushika shahada hasahau kwamba waya hulegea.

Baada ya chuo, mhandisi mhitimu huweza kufanya mafunzo ya vitendo ya miaka 3 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akijiandaa kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wala kusoma hakuishi hapo, kwa kuwa mitambo hubadilika. Wahandisi wa mitandao wa Afrika wamekuwa wakifundishana katika mikutano ya umoja wao wa AfNOG tangu mwaka 2000; mkutano wa mwaka 2011 ulifanyika Dar es Salaam.

Tusimfiche kijana ugumu wa kazi. Simu hulia saa nane ya usiku. Barabara ya mnarani wakati wa masika ni tope, na mnara haupandwi bila mkanda wa usalama, wala radi zikiwa karibu. Kwa upande mwingine, wachache hupata furaha ya kuona kijiji kizima kikianza tena kuzungumza na dunia kwa sababu ya hesabu waliyoifanya wao. Miongoni mwao wamo wanawake, na wanastahili kuwa wengi zaidi.

Neno kwa walimu

Mlango wa kazi hii haufungwi chuoni. Hufungwa kimya kimya siku mwanafunzi wa sekondari anapoiacha Fizikia kwa kuamini kwamba ni somo la wenye vipaji. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, msimamizi wangu hakutazama hesabu ya mwanafunzi yeyote kabla hajaoneshwa daftari la vipimo. Nimekuja kutambua kwamba tabia hiyo haihitaji maabara ya gharama. Shule isiyo na kompyuta hata moja inaweza kupima mvua kila asubuhi, urefu wa mti kwa kivuli chake, na kasi ya sauti kwa mwangwi wa ukuta, na kuviandika vyote kwa tarehe.

Kwa kuanzia, darasa lijaribu hili: minara miwili imeachana kwa kilometa 28, na mawimbi ni ya gigahezi 7. Ukanda wa Fresnel una nusu-kipenyo gani katikati ya njia? Miti iliyo pale iwe mita ngapi chini ya mstari wa macho? Wakipata mita 17 na kidogo kwa swali la kwanza, na mita 10 na kidogo kwa la pili, watoke nje wautazame mnara ulio karibu nao. Hawatauona tena kama chuma kilichosimama tu.